Ruhusa ya Kunikataa

Jumatatu, 9 Juni
Nimefukiza mitungi ya maziwa, macho bado yanawasha. Ngamia wanakamwa, wanawake wa kikundi wako, gari la Nairobi liko. Kilichokufa ni ile programu ya simu ambayo hoteli ya huko inaagizia maziwa. Kijana aliyeitengeneza ameenda Ulaya, hashiki simu. Hoteli imesema ikifika Jumatatu ijayo bado imekufa, watanunua kwingine. Mwenyekiti ni mimi. Aibu ni yangu.

Jumanne, 10 Juni
Nimepata fundi. Jarso, mtoto wa shemeji yangu, anafanya hizo kazi Nairobi, hajaajiriwa na mtu. Nikamuuliza kama ana nafasi. "Niko, akoo." Akoo ni bibi kwa lugha yetu, ananiita hivyo kwa heshima. Kwisha. Nuria, mweka hazina wetu, anataka tuulize na wengine. Mtu akiwa na fundi wa kwao anauliza wageni nini?

Alhamisi, 12 Juni
Hakuna kitu. Nimepiga tena. "Niko, akoo." Uko wapi? Kaburini?
Nuria akanicheka. "Huyo amejaa kazi za watu. Mke wake ameniambia. Anakuogopa, hawezi kukwambia hapana."
Nilikasirika. Halafu nikajiuliza, kwani mara ya mwisho nani aliniambia hapana? Simkumbuki. Nilidhani ni heshima. Kumbe hiyo "ndiyo" yao ni tupu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimempigia Jarso. Nikamwambia nimekupa ruhusa ya kunikataa, nikatae sasa.
"Akoo, sina nafasi."
Akapumua kama ngamia aliyeshushwa mzigo. Nikamwambia, kwetu anayekunyima mchungaji anakuonyesha mwingine. Akanipa namba ya Muthomi, Mmeru aliyefanya kazi naye.
Nikampigia. Naye ananiita bibi, kwa lugha ya Nairobi, lakini haniogopi. "Shosho, mimi nimejaa mpaka Agosti." Nilimpenda hapo hapo. Sikumuuliza nani hodari, kila mtu ana binamu hodari. Nilimuuliza, ukiugua kazi yako unamwachia nani? Hakufikiri hata. "Rehema. Lakini amejifungua juzi, ako kwao Kinna. Hakuna mtu anamsumbua na kazi."
Nahangaika na Nairobi, mtu ako Kinna, hapa karibu.

Jumamosi, 14 Juni
Kinna. Rehema hajamaliza arobaini, mama yake anamlinda kama askari. Nimeingia na maziwa, si mikono mitupu. Kabla ya kueleza shida nikasema anaweza kunikataa, sitakasirika.
"Akatae kabisa," mama yake akasema.
"Mama, ngoja."
Aliuliza nani ana neno la siri la programu. Sikujua. Nikampigia Nuria, yeye alijua. Rehema akaandika kwa kompyuta yake, mimi nimebeba mtoto. Nikachungulia. Mistari mistari, kama nyayo za mbuzi kwa matope. Nikauliza huu mstari unasema nini.
"Unasema hoteli ikiagiza, mtu aambiwe haraka."
Na huu? Na ule? Nilimchosha. Sikujua maandishi yanaweza kutumwa kazi kama mtu.
Akasema kufikia Jumatatu kuagiza kutafanya kazi, mambo ya hesabu hapana, mpaka mtoto akue kidogo. Nikamwamini. Amenikatalia nusu.

Jumatatu, 16 Juni
Asubuhi simu imelia kwa meza ya kikundi. Hoteli, kwa ile programu. Wanataka maziwa ya kesho. Nimesoma mwenyewe, polepole, Nuria akingoja.
Nikapiga Kinna nishukuru. Mama yake akashika, akasema Rehema na mtoto wamelala.
Nikamwambia asimwamshe.