Kasuku wa Mama Bado Anakuulizia

Kaka yangu,

Barua yako imefika. Umeuliza habari za nyumba, lakini za kasuku wa marehemu mama hukuuliza. Amezeeka, haoni, na mguu mmoja umepooza. Namlisha uji kwa kijiko na kumfuta kwa maji ya uvuguvugu.

Mlango ukigongwa tu, anauliza kwa sauti ya mama: "Ni kaka yako?" Ndivyo mama alivyouliza miezi yote ya ugonjwa wake. Mimi niliyekuwa nikimgeuza kitandani, kasuku hajawahi kulitamka jina langu.

Juzi alikuja fundi bomba. Kasuku akauliza. Nilikuwa nimechoka, nikamjibu, "Ndiyo, ni yeye." Akatulia, akala akashiba, mara ya kwanza tangu tumzike mama.

Kwa hiyo usijisumbue kuja.

Mdogo wako