Mikono ya Kuteremkia Karambi

Jumatatu, 6 Mei 1974

Nimejipima tena baada ya shule. Mizani ya ghala la kahawa hapa Bwera haina sahani, ina ndoano tu. Nikaning'inia kwa mikono kama gunia. Mzee Kule, mwenye ghala, akasoma mshale. "Hata kahawa iko nzito kuliko wewe!" Wapagazi wakacheka. Niliona haya mpaka masikioni. Lakini nimepungua. Nimefurahi.

Mwalimu Thembo, anayetufundisha mbio za baiskeli, anasema mlima wa Karambi haupandwi kwa kifua. Bega zito unalibeba mpaka juu, na bega halikanyagi pedali.

Mashindano ni tarehe 25. Kupanda Karambi, kushuka, halafu moja kwa moja mpaka Kasese. Watatu wa kwanza wanachukuliwa timu ya Kampala, na shule huko huko. Nikishindwa, baba ananiandikisha jeshini. Hofu yangu yote ni hiyo.

Ijumaa, 10 Mei

Baba amekuja kutoka kambini. Ni koplo. Alinishika mkono kwa vidole viwili mbele ya mama. "Hii ni mkono ama mguu ya kuku? Bunduki itakuangusha!" Akaniamuru pushapu hamsini kila alfajiri. Alipoingia kuoga niliacha.

Sitaki kifua. Wanaochagua vijana wa jeshi hutazama kifua kwanza.

Haya siwezi kumwambia mtu. Mama hajui kusoma, na mwalimu anakagua madaftari ya Kiingereza tu.

Jumatano, 15 Mei

Siteki maji tena. Debe linajaza mabega. Anateka Biira, dada yangu wa miaka tisa. Nilimwambia ni siri ya mashindano. Nusu ya ugali wangu anakula yeye. Anafurahi. Mimi naota chakula.

Leo nimepanda Karambi bila kuweka mguu chini. Mara ya kwanza. Mwalimu alipiga makofi.

Kushuka ndiyo shida. Breki za chuma zinataka kubanwa kwa nguvu, tena kwa muda mrefu. Vidole vilikufa ganzi. Sikumwambia.

Jumapili, 19 Mei

Kwenye mizani. "Shikilia, mshale bado inacheza!" Niliachia kabla Mzee Kule hajasoma. Hakucheka safari hii.

Alhamisi, 23 Mei

Biira amevunjika mkono.

Nilitumwa kumchukua kwa nyanya yetu, juu Karambi. Nilimpakia nyuma. Alikuwa anaimba. Kona ya pili tulienda mtaroni. Breki zilikuwa nzima. Vidole vyangu vilifunguka vyenyewe. Mfupa niliusikia.

Mimi sina hata mchubuko.

Baba yuko likizo. Aliuliza. Nikasema mbuzi alikatiza njia.

"Mbuzi gani?"

"Mweupe."

Kwa nini nilitaja rangi? Biira alinitazama tu.

Ijumaa, 24 Mei

Pale kwenye kona mbuzi mweupe ni mmoja. Wa Bibi Kabugho, mjane. Hana mwingine. Baba alivaa yunifomu akaenda. Alirudi anamvuta. "Mukora wa barabara amekamatwa!" Majirani walicheka. Wangefanya nini?

Jioni tulimla. Na mimi. Wiki tatu sijagusa nyama. Nilikula, nikafyonza mifupa. Mama akaniongezea, kesho ni mashindano. Biira alikataa. Alisema jino linamuuma.

Mimi ni mtu mbaya.

Jumamosi, 25 Mei

Nilifika juu wa kwanza. Peke yangu kabisa.

Nikaiona kona. Mikono ikaanza kulegea. Nikashuka, nikakokota baiskeli. Walinipita wote. Mmoja akapiga kelele: "Wee, hiyo ni baiskeli ama ng'ombe unapeleka sokoni?"

Baba alikuwa amesimama kwenye kona. Hakunitukana. Aliitazama mikono yangu kwenye usukani, muda mrefu, kisha akaenda zake. Sijui ameelewa nini. Siwezi kumwuliza.

Alhamisi, 30 Mei

Jumatatu naenda kambini Kasese na baba. Mama amefua shati langu. Asubuhi nakula ugali wote.

Leo nilimpelekea Bibi Kabugho debe la maji. Nililitua mara nne njiani. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Nilimwambia hapakuwa na mbuzi barabarani. Nilisema nikitazama chini.

Hakuinuka. "Najua. Ile mbuzi yangu ilikuwa na kamba. Siku ile mimi niko hapa, naona wewe nakuja, mikono natetemeka."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia baba.

"Mutoto, nani anaambia askari?"

Akanionyesha mtungi. Nikamimina. Hakusema asante, hakunifukuza.

Kigingi bado kipo. Kipande cha kamba kimefungwa pale pale, kimekatwa kwa kisu. Pale mbuzi alipokuwa akizungukia, nyasi zimeanza kuota.