Risasi za Baba Zimegoma Tena

Ijumaa, 14 Novemba

Tumefika kambini. Theluji hadi magotini, jiko linafuka moshi, na Baba ameshaanza! Bunduki ya babu yake, sawa, tumeizoea. Lakini risasi zenyewe — kutu ya kijani, sanduku limeoza. Nimemletea mpya, fundi wa mjini kazitengeneza kwa mkono, maana viwandani zilishakoma kutengenezwa. Kazisukuma pembeni. Eti nimpe Eero, mdogo wangu, ndiye asiyejua kulenga. Nimechoka na mzee huyu!

Jumamosi, 15 Novemba

Siku ya kwanza ya msimu. Saa mbili asubuhi — tsk! Risasi imegoma, kulungu kaenda zake. Na Baba anarudi anacheka!

Sheria ya kambi: ukikosa, pindo la shati lako linakatwa, linapigiliwa ukutani. Mapindo matatu, unanyang'anywa dungu lako la kuwindia, unabaki jikoni. Baba anayo mawili ya miaka ya nyuma. Ila risasi ikigoma haihesabiwi. Eero kashika mkasi, kanuna: "Mzee, hata mwaka jana ziligoma!" Baba: "Kamlaumu aliyezitengeneza. Kashakufa."

Jumapili, 16 Novemba

Tsk. Tsk! Mara mbili! Nimefoka hadi nikajionea haya — ipo siku itamlipukia usoni! Kanijibu nikachemshe kahawa. Haya. Alipoingia sauna kuoga mvuke nikazifukia zile kuukuu nyuma ya banda, nikamtilia mpya mfukoni mwa koti. Anilaani akitaka.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimepanda naye dunguni. Katoa risasi mfukoni, inang'aa hiyo! Kaitia bundukini kama kawaida. Nikadhani kanisamehe.

Saa tatu akatokea dume. Mapembe hayo! Hatua thelathini, peupe, katulia tuli. Baba akainua bunduki — akaulenga msonobari. Nikamshika mkono. "Baba, unamwona?"

Halafu, polepole: "Yuko wapi, mwanangu?"

Mungu wangu. Misimu miwili hii haoni, na mimi nagombana na kutu! Nikaitoa risasi bundukini. Dume akajiendea.

Sasa ni mchana, naandika mezani. Eero kaziona nyayo. Kasimama mlangoni na mkasi wake: "Dada, dume kapita chini yenu kabisa. Imegoma tena, au Mzee kakosa?"

Baba kanigeukia nimsaidie — anakitazama kiti kitupu kilicho kando yangu.