Kitufe cha "Limejibiwa"

Jumatatu, 8 Aprili 2024

Nabii Musa aliwavusha watu bahari moja tu, tena akahitaji fimbo. Mimi Mukalazi leo nimewavusha wageni ishirini na watatu kabla ya chai, kwa vidole viwili, nimekalia kiti chenye miguu mitatu. Masaka nzima sina mwenzangu. Kampala nao wajiangalie.

Shule niliiacha kidato cha pili. Shule ndiyo iliyopata hasara.

Asubuhi Madamu Nakibuule, mkuu wetu, katukusanya sisi wachora ramani wa kujitolea, sura kama kameza chumvi. Wageni wanaingia mtandaoni wachore njia za kwao, wanakwama, wanafungua dirisha la msaada wachati nasi—kimya. Mwezi uliopita wameingia elfu mbili, waliojibiwa hawafiki mia saba. Akasema waendesha bodaboda na wakunga wanaifuata ramani yetu kama Biblia. Kila mgeni anayeondoka bila jibu anatuachia njia yenye uongo, na uongo huo kuna mtu ataupita. Nikanyoosha mkono: nipe wiki moja, Madamu. Mwenzangu wa meza, Tendo, akasema mkono huo hata jina la wilaya yake unalikosea. Wivu huo.

Jumanne, 9 Aprili

Ugonjwa nimeupata. Salamu!

Nimesoma mazungumzo ya zamani mpaka macho yakaingia ukungu. Mgeni hajambo, anataka kujua umelalaje, wa nyumbani wamelalaje, asante kwa kazi, asante kwa kutunza watu, na huko mvua vipi? Swali lenyewe mstari mmoja. Dakika kumi na moja kwa mtu, nane zimeliwa na salamu. Na nyuma yake foleni.

Dawa ni saa. Ukifungua dirisha una dakika tatu. Hujauliza—linajifunga lenyewe, na maneno matamu niliyoyatunga mimi: "Karibu tena ukiwa na swali." Tendo ndiye aliyeunganisha mitambo. Akili ni yangu. Madamu kasitasita kidogo. Kwao, kasema, mtu hatui mzigo mlangoni kabla hajasalimiwa. Nikamwambia simu haina mlango, Madamu. Akacheka, akasaini tujaribu.

Mvua tangu adhuhuri. Bati linapiga kelele hatusikilizani. Kwangu faida, simsikii Tendo.

Jumatano, 10 Aprili

Sitini! Ningeandika kwa wino mwekundu kama ungekuwepo.

Tuliwekeana dau na Tendo: wa kwanza kufikisha sitini kabla ya chai ya saa kumi anakula rolesi ya mwenzake, ile chapati ya kukunjia mayai. Ukimaliza na mgeni unabonyeza kitufe cha "Limejibiwa", unahesabiwa mmoja. Aliyefungwa na saa hahesabiwi.

Kituko cha siku: mama mmoja wa Kyatokolo, anajiita Nnaalongo Nabaweesi. Nnaalongo ni aliyezaa mapacha, basi heshima mara mbili. Kaingia, kaandika: "Nimepiga magoti, ssebo." Salamu ya Kiganda ya kumpigia bwana magoti, kwenye intaneti! Nikasoma kwa sauti, chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Nikamjibu: "Inuka mama, sakafu ya huku ina baridi." Hakuona mzaha. Akaendelea, wazazi wangu wazima? Mvua imetuacha salama? Saa ikamfunga. Akarudi. Magoti upya, toka mwanzo, kama anasali rozari. Saa ikamfunga tena. Akarudi! Huyu mama ana pumzi.

Rolesi ya Tendo ilikuwa na mayai mawili. Tamu.

Ijumaa, 12 Aprili

Madamu kanisifu mbele ya watu wote. Dakika kumi na moja zimekuwa tatu na nusu. Wenzetu wa Mbarara wanataka niende nikawafundishe. Nikampigia mama, nikamwambia mwanao sasa ni mwalimu. Akauliza, wa nini? Nikasema wa haraka. Akasema hilo alilijua, hata tumboni sikukaa miezi yote.

Mvua bado.

Jumamosi, 13 Aprili

Daraja la Kyatokolo limekwenda na maji. Si leo. Jumanne, kwenye mvua ile.

Jana mchana, saa zile ninasifiwa, kijana wa bodaboda anaitwa Ssekitto alikuwa anampeleka mjamzito zahanati. Si mtu wa njia hizo. Kafuata ramani. Maji yamefunika barabara yote, kadhani daraja liko chini yake. Mwanamke wamemvuta kwa kamba. Mtoto hakupona. Ssekitto hawajampata.

Nimefungua ramani yetu. Daraja lipo. Mistari miwili, safi kabisa.

Kyatokolo. Jina hilo nimeliandika kurasa mbili nyuma. Sikurudi kusoma.

Jumapili, 14 Aprili

Wamempata, kwenye mafunjo.

Madamu katuita baada ya ibada. Kafungua orodha ya wasiojibiwa. Nnaalongo yumo mara mbili, mara zote kafungwa na saa. Kasoma kila neno, na ile ya sakafu kaisoma. Tendo akaangalia viatu vyake.

Madamu akasema, taratibu tu: "Aliyebeba habari mbaya ndiye anayesalimia kwa muda mrefu. Hilo nimelelewa nalo. Na bado nikasaini."

Saa tumeing'oa. Kesho anakwenda msibani kwa kina Ssekitto kuomba radhi. Tendo akasema mitambo aliunganisha yeye. Kila mtu akachukua kipande chake. Nami nikasema wazo lilikuwa langu. Wakaniambia usijiue, kijana, ulitaka kusaidia.

Orodha ya waliojibiwa hakuna aliyeifungua.

Sikuweza kula.

Jumatatu, 15 Aprili

Saa nne asubuhi. Daftari liko pajani, mkono mwingine kwenye kompyuta. Tuko wawili, mimi na Tendo.

Dirisha limefunguka. "Nimepiga magoti, ssebo."

Nimemjibu. Asante mama, nami nimepiga. Nimemuuliza wa kwake. Wapo, anashukuru. Kauliza wa kwangu, nimemtajia mmoja mmoja mpaka shangazi wa Kalungu. Mihogo. Mbuzi. Mvua. Dakika kumi na tisa, hata bibi yangu sijawahi kumsalimia hivyo. Nataka ziendelee.

Zimekwisha. Kaandika:

"Sasa, mwanangu. Jumatano niliwaletea habari ya daraja, simu ikaniambia limejibiwa. Nikajua mmelifuta. Kulikuwa na vijana nimewaweka pale wawazuie wageni, nikawaambia waende shamba, wenye ramani wameshajua. Nimekuja kuuliza. Lilijibiwa na nani?"

Tendo anasema mbona huandiki. Nimemwambia mtandao mzito. Mtandao hauna neno.

Mara ya tatu saa haikumfunga. Mara ya tatu alikata salamu, mama wa watu, dakika ya pili tu akaandika: daraja letu limekwenda na maji, lifuteni kabla mtu hajapita. Nililisoma lote. Nilikuwa na hamsini na tisa, na ilikuwa saa kumi kasoro dakika moja. Nikajiambia nitalifuta baada ya chai. Nikabonyeza.