Chupa Iliyolala Chini ya Kitanda

Jumapili, Aprili 1967
Malaba

Mvua tangu alfajiri. Si ile ya kelele inayopiga mabati na kwenda zake, ni hii ya manyunyu, inayokaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kuni zimelowa, nguo hazikauki, na mimi niliamka nimechoka. Naandika sasa kwa sababu dirishani bado kuna mwanga kidogo, na kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Leo tumeifungua chupa.

Baba Amoit, mume wangu, alikuwa mhudumu katika behewa la chakula, kwenye treni hii inayopita hapa kwenda Kampala. Mkuu wake, Mgoa mmoja mkali, alimfundisha kuonja mvinyo ili asije akawapelekea abiria ulioharibika. Unauzungusha kwenye glasi, unaunusa, unaushika ulimini, kisha unautema kwenye kopo. Aliponionyesha mara ya kwanza hapa nyumbani, kwa chai ya rangi, nilicheka sana. Mimi ni mtoto wa Sio Port. Kwetu ukitia kitu mdomoni unakimeza, na ukikitema mwenye nyumba atakuuliza amekukosea nini.

"Ladha iko kwa ulimi, Mama Amoit," aliniambia. "Tumbo haijui kitu."

Basi, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mzee mmoja Mfaransa aliyezoea kusafiri na treni hiyo alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Akampa mume wangu chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux. Akamwambia ailaze mahali penye giza na baridi, asiiguse mpaka ipite miaka kumi, hapo ndipo atajua kwa nini watu husumbuka. Baba Amoit akaamua siku hiyohiyo kwamba tutaifungua binti yetu akimaliza sekondari. Amoit ndiyo kwanza alikuwa anaanza darasa la kwanza, hata kufunga kamba za viatu hajui. Sasa yuko Sio Port kwa watu wangu, tangu baba yake azidiwe.

Mwanamume akachimba shimo chini ya kitanda chetu. Akapanga mawe pembeni, akatia mchanga wa mtoni, akailaza chupa humo na kufunika kwa ubao na gunia. Lazima ilale, alisema, ili mvinyo uguse kizibo. Kizibo kikikauka kinasinyaa, hewa inaingia, na kazi yote imekwenda bure. Kiangazi aliumwagia ule mchanga maji ili ubaki na baridi, maji ambayo nilikuwa nimeyabeba mimi kichwani kutoka kisimani! Nikaanza kuiita chupa ile mke mwenza. Nikipiga deki namuuliza mke mwenza ameamkaje, anataka blanketi? Baba Amoit alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Kicheko kile sijakisikia tangu Krismasi.

Uvimbe ulimwanzia kooni, mdogo, tukadhani ni baridi ya safari za usiku. Sasa hata uji mwepesi unapita kwa machozi. Daktari wa ng'ambo ya mpaka alinivuta pembeni akaniambia nimrudishe nyumbani, nimpe anachokitaka. Nilimchukia yule daktari kwa sauti yake ya upole. Sauti hiyo watu huitumia wakiwa wameshamaliza na wewe.

Na anachokitaka Baba Amoit ni chupa. Jumatano alisema, kwa hii sauti yake mpya ya kukwaruza, "Tufungue Jumapili." Nikamwambia bado, mzungu alisema miaka kumi, haijatimia. Alijua ninachokikataa si kufungua chupa. Ikiwa imelala pale chini, iko siku mbele yetu ambayo Amoit amemaliza shule na baba yake amekaa mezani na kizibuo mkononi. Ikifunguliwa, siku hiyo imefutwa, na ni mimi nimesaidia kuifuta. Kwa hiyo nilibishana naye kama mtu anayegombania shamba, mpaka aliponiambia neno lililonimaliza nguvu.

"Kuonja si kumeza. Hiyo bado naweza."

Ni kweli. Hawezi kula, hawezi kuimba, hawezi kupanda kilima cha hapo nyuma. Lakini ulimi wake ni uleule. Tangu Jumatano nimeishi kwa kitu hicho kimoja. Nilipiga pasi kitambaa cheupe cha meza kana kwamba tunamngoja askofu.

Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, niliitoa chupa shimoni kama alivyonielekeza na kuisimamisha mezani, ili mashapo yazame chini. Alisema nisiitikise. Niliibeba kama mtoto mchanga.

Sikumfikiria mama mkwe.

Mama alikuja kutoka Amukura mwanawe alipozidiwa. Ni Mteso wa kale, na kwake ajono, pombe yao ya wimbi, ni chakula na ni dawa. Ajono hunywewa ya moto. Chungu kinawekwa katikati, mtu anazunguka na birika kuongeza maji ya moto, na wazee wanavuta kwa mirija yao mirefu. Kumpa mtu pombe baridi ni kumwonyesha kwamba hukumtarajia na ungependa aondoke. Hayo nayajua, nimekaa nao miaka. Ningeyakumbuka leo asubuhi, nisingekwenda kanisani.

Niliporudi nilikutana na harufu mlangoni, kama ya zambarau zinazochemshwa. Nikaingia jikoni mbio. Chupa ilikuwa imesimama ndani ya sufuria juu ya mafiga, maji ya moto yakifika shingoni. Karatasi yake yenye picha ya nyumba kubwa ilikuwa imebanduka, inaelea. Kizibo kilikuwa kimepanda, na chini yake mvinyo ulikuwa unachuruzika.

"Mama, umefanya nini?"

"Ilikuwa baridi kama nyoka!" akasema. "Mtu iko na koo mgonjwa, unampatia kitu baridi? Nimepasha tangu ulienda kanisa. Maji ikipoa, naongeza ingine."

Alikuwa anatabasamu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, maana kuni zilezile zilizonishinda mimi kuwasha chai, yeye alikuwa amezipuliza asubuhi nzima. Nilitaka kupiga kelele. Lakini mkaza mwana hamfokei mama mkwe, na hata ningemfokea, ningesema nini? Nilikaa kwenye kigoda nikaitazama ile karatasi ikizunguka majini. Miaka yote ile ya mchanga na maji ya kisima! Hakuna cha kufanya. Kitu kikishapikwa kimepikwa.

Nikaifuta chupa, nikaipeleka. Mama akanifuata.

Baba Amoit alikuwa amekaa, ameegemea mito, ndevu amenyoa mwenyewe. Glasi iko tayari, kopo la kutemea liko tayari. Akaipokea chupa kwa mikono miwili, na nikaona mikono imesimama. Joto lilikuwa limemfikia. Akanitazama mimi, kisha akamtazama mama yake pale mlangoni na macho yake mekundu. Kizibuo hakikufanya kazi yoyote, kizibo kilitoka kwa vidole.

Akamimina. Akazungusha, akanusa, akanusa tena kwa muda mrefu sana. Mimi namjua huyu mtu. Akikutana na mvinyo mzuri nyusi zake hupanda. Leo hazikupanda.

"Iko moto sawasawa, mwanangu?" mama akauliza.

Akaitikia kwa kichwa. Akatia mdomoni, akaushika ulimini. Nikamsogezea kopo. Akalisukuma kwa kiganja.

Akameza.

Mishipa ya shingo ilimsimama, machozi yakamtoka, mkono wake ukalikamata shuka mpaka nikasikia uzi unakatika. Mama yeye aliona kitu kimoja tu, kwamba mwanawe amemeza. Akapiga makofi. "Amemeza! Mama Amoit, umeona? Dawa ni moto! Mungu asifiwe!"

Baba Amoit akatafuta sauti yake mpaka akaipata. "Hata wazungu hawajawahi kunywa hii namna hii, Mama."

Mama akacheka kama msichana. "Basi ongeza."

Na akaongeza. Mtu aliyetema mvinyo wa kila namna maisha yake yote, akaumeza huu mara ya pili, mama yake akitazama. Ndipo mama akatoka mvuani kwenda kuwaeleza majirani.

Mimi nilionja uliobaki. Mchachu, mzito, zambarau zilizoungua. Mwishoni kabisa kulikuwa na kitu kizuri, chembamba, nikajaribu kukishika ulimini kama alivyonifundisha, kikawa kimeshaondoka.

Nikamuuliza amepata nini humo. Zamani angeniambia huu una udongo baada ya mvua, huu una ngozi ya kiatu kipya, nami ningemwambia anawaza viatu kwa sababu vyake vimetoboka. Akatikisa kichwa. "Hakuna kitu," akasema. Nikamwambia nitamweleza mama ukweli, aache kumtesa. Akanishika mkono.

"Amepuliza moto asubuhi yote."

Kisha akageukia ukutani. Hajageuka mpaka sasa.

Lile shimo liko wazi chini ya kitanda. Nilichukua jembe nilifukie, mtu asije akaumia mguu. Nikapiga magoti, nikashika udongo, na juu yangu nikamsikia akipumua. Nikaurudisha udongo mahali pake. Sitatia udongo shimoni chini ya mtu aliye hai, hata kama kila mtu amekwisha kuniambia hatapona.

Jikoni mama anaimba. Sijamsikia akiimba tangu aje. Ametia maji kwenye ajono, anasema kesho atampashia mapema zaidi, kwa sababu leo amejionea kwa macho yake kwamba koo limeanza kufunguka. Na kesho Baba Amoit atameza, najua, kwa kuwa mama atakuwa amesimama pale anatazama. Kesho nitakuwa katikati yao na kopo langu.

Nimzuie nani, anayepasha au anayemeza?