Chumba Ulimonikana

Baba,

Shangazi amenipigia simu. Anasema umesikia ninaolewa, na umeshanunua kanzu mpya ili ukae mbele ya shehe, umshike mkono bwana harusi, uniozeshe. "Ni haki yake, mwanangu. Yeye ndiye walii wako," kaniambia. Nikamjibu nitafikiri.

Jumamosi nikaenda kufikiria palepale. Lile jengo la mawe la serikali, hapa Bagamoyo, lilifunguliwa kwa wananchi siku nzima, kila chumba, bure. Nikapanda zile ngazi ambazo mama alinikataza kuzipanda siku alipokushtaki kwa matunzo yangu. Unazikumbuka? Ulinikuta nimekaa chini yake, nimevaa gauni la Idi ulilonishonesha wewe. Nikasimama. "Shikamoo baba." Kila Ijumaa ulipokuja kuniona ulikuwa ukiniitikia, "Marahaba, mama," na kunipa kipande cha halua kilichogandana na karatasi. Siku ile ulinipita kama mtu anavyopita nguzo.

Mlango wa juu waliuacha wazi kwa sababu ya joto. Nikakusikia ukimwambia hakimu, "Mtoto huyo simjui. Mwanamke huyu nilimwacha hana mimba."

Chumba chenyewe ni kidogo, Baba. Nilikuwa nimekikuza kichwani miaka yote hii. Kijana aliyetuongoza akasema kilikuwa stoo. Mama mmoja nyuma yangu akaguna.

"Stoo ya wapi? Hapa palikuwa mahakamani. Talaka yangu nimeidai humu humu, nikatoka nayo napiga vigelegele."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikashindwa kuacha, mpaka akanishika bega.

"Na wewe, mwanangu, ulikuja kudai nini?"

"Baba."

Hakucheka tena. Akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

Ulinikana nilipohitaji unga na daftari. Sasa nimesoma, ninajilisha, na wakwe zangu ni watu wa kutajika mjini. Ndipo umenijua. Najiuliza kama ile halua nayo ulikuwa ukimpa mtoto usiyemjua, na sipati jibu linalonifaa. Ladha yake ninayo bado. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nimemwendea shehe, nikamweleza uliyoyasema mbele ya hakimu. Akasema asiye na walii huozeshwa na kadhi. Nimekubali. Nimeomba nitajwe kwa jina la mama, Binti Mwanahawa, na hakunibishia.

Kanzu usiirudishe dukani. Njoo, ukae na wageni, ule pilau. Nitakuamkia, maana mama hakunilea vibaya. Safari hii uitikie. Watu watakuwa wanatutazama.

Ni mimi,
Binti Mwanahawa