Mtamba Mmoja, Wenyewe Watatu

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kwa jambo nililolianzisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari, na nyumbani kwetu Dongobesh mimi ndiye mwandishi wa barua za babu, Mzee Margwe, ambaye hakusoma ila anapenda kila barua ianze na "kwa heshima na taadhima", na tangu mwaka jana kumbukumbu yake imepungua, leo yuko sawa kabisa, kesho ananiita kwa jina la marehemu dada yake, nami kwa kuwa siwezi kumkatalia mkubwa niliandika kila alichosema, ndipo Jumapili wakafika katekista, jirani yetu Qamara na fundi wa matrekta, kila mmoja ana barua ya kupewa mtamba yuleyule mwekundu, zote kwa mwandiko wangu. Babu akawatazama, akasema, "Mbona mnagombana? Ana miguu minne, na mmoja bado haujapata mwenyewe."

Tulicheka, hata katekista, isipokuwa baba mdogo Basili, anayeendesha mashine ya kuvuna ngano kwenye shamba la serikali kule Hanang na ndiye anayemnunulia babu mablanketi, naye ameniagiza niandike kwamba babu amemkabidhi ng'ombe wote na kitabu cha akiba cha posta, kisha tumwekeshe dole gumba akiwa anasinzia. Baba mdogo si mwizi, na kweli ng'ombe wataisha, lakini babu akiamka nitamtazamaje?

Mwandishi wa Babu, Dongobesh

Marahaba, mjukuu. Weka kalamu chini. Barua tatu umeziandika kwa woga. Ya nne itakuwa ya woga na uongo. Dole la mtu aliyesinzia halimkabidhi mtu hata kuku, na Basili anaweza kujikuta polisi pamoja na mablanketi yake.

Njia ipo. Mzee apimwe na daktari, mpate maandishi. Kisha Basili aende mahakamani Mbulu, karani atamweleza ombi lipelekwe wapi. Mahakama itawasikiliza ndugu na mzee mwenyewe, na ikiridhika kwamba hawezi tena kutunza mali yake, itamteua msimamizi. Msimamizi si mrithi: ng'ombe wanabaki wa babu, na kila atakachouza atakitolea maelezo. Asiyetaka kuulizwa asiombe. Wale watatu waambieni kwa adabu kwamba mtamba hatoki zizini kwanza.

Wewe kwa umri wako huwezi kuteuliwa, lakini kazi unayo. Siku babu akiamka yuko sawa, msalimie, mweleze yote bila kuficha, umuulize angependa nani amtunzie mali. Andika jibu lake, msomee mara mbili mbele ya mashahidi wawili wasiodai mtamba, ndipo aweke dole akiwa macho. Mahakama hailazimiki kulifuata, ila italisikia. Na barua hiyo ianze kwa heshima na taadhima.